Kidole cha Mama Posta

Mtu akikwambia aliwahi kumwona Raakel Pöntinen amekaa kitako akamaliza kikombe kizima cha kahawa, mkatalie, huyo mwongo. Kahawa ya Raakel ilipoa dirishani, ilipoa juu ya boneti ya gari, ilipoa kwenye mbao za gati, na mwenyewe yuko mbali anafunga kitu, anafungua kitu, anamfokea mtu. Miaka thelathini na miwili alipeleka barua kwenye visiwa vya upande wetu wa Ziwa Saimaa, wakati wa joto kwa boti, wakati wa baridi kwa pikipiki ya theluji juu ya barafu. Na zile wiki mbaya za katikati, barafu haibebi mtu wala haipitishi boti, alikuwa akizunguka jikoni kwake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kijiji kizima cha Leppäniemi kilimwita Mama Posta, na alipostaafu yeye, jina halikustaafu.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umwambie akavue kwa kurambaza. Kurambaza, kwa asiyejua, ni kuendesha boti polepole kuliko mtu anayekwenda kulipa faini, nyuma yako unakokota mishipi minane yenye samaki wa bandia, mingine imetandazwa pembeni kwa vibao, mingine imezamishwa kwa risasi nzito, na wewe umekaa. Unakaa. Unamngoja samoni au trauti mmoja katika maji yasiyo na mwisho aamue kwamba leo atauma. Mimi nimewahi kukaa humo saa saba nikashuka na mgongo unauma na samaki sina, nikaapa sirudi, na Jumamosi iliyofuata nikarudi kama mjinga.

Raakel aliingizwa humo na msiba. Mumewe Tauno alipofariki, alimwachia nyumba, sauna, mashoka matatu na binti mmoja muuguzi kule Kuopio. Kiinua mgongo cha posta kilikuwa kimekaa benki bure, na Raakel, aliyekuwa amefikia hatua ya kupanga upya kuni zilizokwisha kupangwa, akakinunulia boti. Eero, mdogo wake Tauno, akaja na vyambo viwili mfukoni akasema boti ya kukaa bila mishipi ni sawa na farasi wa kutazama. Eero alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka arobaini, na katika miaka hiyo arobaini hakuna aliyemwona akikimbia. Basi wakawa wanatoka pamoja, mwenye haraka na mwenye nafasi, kiangazi cha sita sasa. Raakel alishika usukani, Eero aliangalia mishipi, na samaki akiuma ilikuwa zamu kwa zamu. Zamu yako ikifika unashika ufito wa mshipi hata kama ulikuwa unaendesha, na mwenzio anachukua usukani. Hilo halikuwa na mjadala.

Lakini tangu mwaka jana Raakel alikuwa na siri, na siri hiyo ilianzia kwenye fremu ya dirisha.

Asubuhi moja ya Machi aliona fremu ya dirisha la jikoni imepinda. Akamwita fundi. Fundi akaweka pimamaji lake, akasema fremu imenyooka kuliko yeye mwenyewe, akanywa kahawa akaondoka. Raakel akabaki amesimama pale pale, akafumba jicho moja, akafumba la pili, na dirisha likawa linapinda na kunyooka. Ilipofika Juni palikuwa na doa la kijivu katikati ya kila alichokitazama. Pembeni aliona vizuri. Akikutazama usoni aliona masikio yako na mabega yako, uso hapana. Akaenda kwa mtu wa miwani mjini. Yule bwana alimpima, akaandika karatasi kwamba huyu mama amwone daktari wa macho wiki hii hii. Raakel akaikunja, akaitia kwenye droo ya vijiko, akafunga droo.

Usimwone mpumbavu. Mama yake, Hilja, macho yake yalikufa vivyo hivyo, kuanzia katikati, akiwa na miaka sitini na sita. Watu wenye huruma wakamnyang'anya shoka. Kisha baiskeli. Kisha jiko. Mwishowe wakamweka kwenye kiti cha kubembea karibu na dirisha, na Hilja akabembea miaka kumi na mmoja, akiuliza kila aliyepita ni nani. Raakel alikuwa akipita mbele ya dirisha lile na mkoba wa barua, anampungia mama yake mkono huku anajua hamwoni, kisha anakwenda zake mbio ili asilie. Giza halikumtisha Raakel. Kilichomtisha ni kile kiti. Alijua kwamba siku binti yake Marjut atakapojua, jioni ile ile atakuwa amefika kutoka Kuopio kwa sauti yake ya hospitalini, na funguo za gari na za boti zitaingia kwenye mkoba wa Marjut.

Kwa hiyo akajifunza kuficha, na akafaulu. Ziwa alikuwa nalo kichwani, kila mwamba, kila mlango wa maji, kwa hiyo kuendesha hakukumsumbua sana. Ile skrini ya kuonyesha kina alisema anaichukia, inampigia kelele, basi Eero amsomee. Miwani ya kusomea "aliipoteza" kila mara alipopewa karatasi. Septemba akagonga kwa gari sanduku la barua la jirani, likalala mtaroni, na yeye aliyeyajaza masanduku yale miaka thelathini na miwili ndiye aliyelilaumu lori la magogo kwa sauti kuliko wote. Wakamwamini. Mtu mwenye haraka ana bahati moja: akikosea, watu wanasema ni haraka zake.

Na samaki alimjua kwa kidole gumba.

Hapo ndipo penyewe. Ziwani kwetu kuna samoni wa namna mbili. Kuna waliolelewa kwenye matangi, ambao kabla ya kuachiwa ziwani hukatwa kile kipezi kidogo laini kilicho mgongoni karibu na mkia. Huyo ukimpata ni wako, kamle. Na kuna wa asili, mwenye kipezi chake. Hao wamebaki wachache mno na sheria inawalinda. Unamtoa ndoana akiwa ndani ya maji na kumwacha aende, na hata akifia mkononi mwako hutamla, utamrudisha majini. Chama cha wavuvi cha Leppäniemi kila Agosti hubeba changarawe kwa ndoo hadi kwenye mto, kuwatandikia hao wa asili mahali pa kutaga. Raakel alibeba ndoo nyingi kuliko wanaume wawili, na alikuwa akiwatukana waliopumzika.

Kwa ajili hiyo kila boti ilikuwa na desturi yake kabla ya kumpiga samaki rungu. Katika boti ya Raakel ilikuwa kwamba mmoja anatazama kipezi, anasema, na mwenzake naye anatazama, anasema. Macho ya watu wawili, ndipo rungu. Viangazi vyote viwili vya siri yake Raakel alipitisha kidole gumba mgongoni mwa samaki, mbio mbio, kisha akasema kipo au kimekatwa, na Eero akachungulia na kuitikia. Hakukosea hata mara moja. Akafikia mahali pa kuanza kukiringia hicho kidole.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, katikati ya Oktoba. Jumapili Eero alikuwa anatimiza miaka sabini, na Raakel alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba shemeji yake atakula samoni wa chumvi juu ya mkate mweusi, na samoni huyo hatatoka dukani. Wiki inayofuata boti zilikuwa zinapandishwa nchi kavu. Kwa hiyo ilikuwa ni leo au kesho, na kesho redio ilikuwa imetabiri upepo mkali.

Tangu saa tatu asubuhi hakuna samaki aliyegusa chambo chao. Raakel alibadilisha chambo mara nne. Akaongeza mwendo, akapunguza, akakata kulia, akakata kushoto, akalalamika kwamba kibao cha kushoto kinavuta vibaya, akasimama, akakaa, akamimina kahawa, akaisahau. Ukweli ni kwamba jua lilikuwa chini, maji yanametameta, na lile doa katikati ya macho yake siku hiyo lilikuwa kubwa kuliko jana. Aliliona limekua. Na hakuwa na wa kumwambia.

"Shemeji, kaa," Eero alimwambia. "Samaki wanaisikia miguu yako inavyohangaika."

"Wanakusikia wewe unakoroma."

"Sikoromi. Nafikiri."

"Tangu saa tatu unafikiri. Umefika wapi?"

"Kwenye supu," Eero akasema. "Nikitoka hapo nitafika kwenye samoni, ukinipa nafasi."

Saa nane na robo kigurudumu cha mshipi kwenye ufito wa kulia kikapiga kelele. Hakikupiga kidogo kikanyamaza. Kilipiga mfululizo, mshipi unatoka tu. Zamu ilikuwa ya Raakel. Wakapishana kama walivyopishana mara mia, Eero kwenye usukani, Raakel nyuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatulia. Ufito mkononi ulimtosha. Hakuhitaji macho kujua samaki amekwenda wapi. Mikono ilimwambia amezama, sasa anapanda, sasa anatikisa kichwa. Aliruka mara moja mbali, Eero akatukana kwa furaha, na Raakel akasema nimemwona, ingawa alichoona ni maji yaliyopasuka pembeni.

Dakika ishirini. Samaki alipita chini ya mshipi mwingine akaufunga kwenye wake, ikabidi Raakel apige magoti, atumbukize mikono yote miwili kwenye maji ya nyuzijoto saba, afungue fundo kwa kupapasa. Lilikataa, akalikata kwa meno. Alipoinuka mikono ilikuwa imekufa ganzi kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko, na upepo ulikuwa umekwisha kuwasukuma kuelekea miamba ya Varissalmi. Eero hakuweza kuacha usukani. Raakel akamwingiza samaki kwenye wavu mwenyewe, akamshikilia humo ndani ya maji, ubavuni mwa boti. Alikuwa mzito. Alikuwa samaki wa kusherehekea miaka sabini.

Angeweza kumngoja Eero. Wavu uko majini, samaki anapumua, dakika tatu tu wangepita miamba na Eero angekuja kutazama, kama desturi ilivyo. Lakini kungoja, kwa Raakel, kulikuwa na maana nyingine sasa. Kungoja ni kusema kwamba bila Eero hawezi. Akaingiza mkono kwenye wavu, akapitisha kidole gumba mgongoni kuelekea mkiani. Patupu. Akapitisha tena. Patupu.

"Umeona?" Eero akauliza bila kugeuka, macho yake kwenye miamba.

"Nimeona."

"Kimekatwa?"

"Kimekatwa."

Akamwinua, akampiga rungu mara mbili.

Eero aliipitisha boti kwenye mwamba wa mwisho, akaacha injini ingurume bila kusukuma, akaja nyuma anasugua mikono. Akasema samaki huyu atatosha ukoo mzima, na majirani wasiotupenda, na bado paka atabakiziwa. Akainama. Raakel alikuwa akipangusa rungu kwa kitambaa na kumjibu kitu cha kejeli, na katikati ya kejeli yake akagundua kwamba Eero hajibu. Injini ikanguruma.

"Raakel," Eero akasema. "Kipezi hiki hapa."

Raakel akapeleka mkono. Nyuzi za wavu zilikuwa zimekilaza kikashikana na ngozi, na kidole chake kilichokufa ganzi kilikuwa kimepita juu yake mara mbili. Sasa wavu umeondoka, kimesimama. Kilikuwa kidogo, laini, kizima, kama ncha ya ulimi wa mtoto. Alikishika baina ya vidole viwili na hakukiachia.

Eero alikaa juu ya sanduku la chambo. Hakuwa mtu wa kufoka. Alitazama maji, akavua kofia, akaivaa. "Haraka zako, shemeji," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Haraka zako hizi." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza kwamba imekwisha kutokea, wamrudishe majini kama inavyotakiwa, na kwamba Kaarlo wa chama apigiwe simu.

Raakel akasema atamrudisha mwenyewe. Akampakata, akapiga magoti pale pale alipokuwa amepiga magoti kufungua fundo, akamshusha kwa mikono miwili. Na maji yalipompokea samaki na tumbo lake kuegemea kiganja, kitu kikaanza kumtoka. Kwanza kimoja kimoja, kisha vingi, vigumu kidogo, vya duara, vinateleza kati ya vidole vyake. Ganzi ilikuwa imeanza kumtoka, na kila kimoja alikihisi. Akageuza uso pembeni, kwa ile kona ya jicho iliyobaki, akaona rangi ya chungwa inazama.

"Jike," Eero akasema nyuma yake. "Alikuwa amechelewa, maskini. Alikuwa anakwenda mtoni."

Mtoni kwenye changarawe. Raakel aliyashika mayai yale kana kwamba angeweza kuyarudisha, yakampita. Akamwachia. Samaki akageuka tumbo juu, mweupe, akaenda chini polepole. Raakel alilia. Hakulia kwa kujificha wala kwa ustaarabu. Alilia puani na mdomoni, ovaroli yote inatikisika, na Eero, aliyemwona akilia mara moja tu, siku ya kumzika Tauno, hakujua aweke wapi mikono yake. Akampa kitambaa kile kile cha kupangusia rungu. Raakel akakipokea akapenga kamasi. Alijichukia. Nataka hili lieleweke: hakujihurumia, alijichukia, kwa sababu alijua kitu ambacho Eero hakukijua.

Kaarlo Immonen, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekiwekea chama kumbukumbu za samoni wa asili. Yeyote anayempata mmoja humpigia simu hapo hapo, angali ziwani: urefu wa samaki, dume au jike, amekwendaje. Mwaka ule tangu barafu iyeyuke alikuwa amepigiwa mara nne. Zote nne samaki alikwenda zake mzima.

Raakel alirudi kwenye kiti cha usukani kwa mazoea tu, akakaa, na Eero akapiga simu, akaifungulia sauti, akaishika katikati yao. Kaarlo akasikiliza. Jike, sentimita themanini na mbili, na mayai. Amekufa.

"Amekufaje?" Kaarlo akauliza.

Raakel akafungua mdomo. Eero akamwahi. "Ni Mama Posta, Kaarlo, wewe unamjua. Upepo unatusukuma mwambani, samaki mkubwa, na yeye na haraka zake. Rungu limetangulia macho. Basi. Yameshamwagika."

Kaarlo akashusha pumzi ndefu. Hakumfokea. Alisema kwamba amesikitika, kwamba hata yeye mwaka wa tisini na nane alifanya jambo la namna hiyo, kwamba ataandika ajali, na kama mkaguzi wa samaki atauliza, ataambiwa ni ajali. "Raakel," akasema, "siku moja haraka zako zitajifunza. Usijitese."

Basi ikawa imekwisha. Tazama jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuna hata mmoja aliyeshuku. Wote wawili walikuwa wamekwisha kumsamehe kwa kosa ambalo hakulifanya. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimemuumbua, lakini hakuna aliyekuwa anatazama. Angenyamaza nukta tano tu, Kaarlo angekata simu. Jumapili wangekula samaki wa dukani na kumcheka. Masika angekuwa tena kwenye usukani huu, na doa likiwa limekua, na Eero nyuma yake amejiegemeza anafikiria supu, anapitishwa kwenye miamba na mtu asiyeiona.

"Kaarlo, usikate," Raakel akasema.

"Sijakata."

"Haikuwa haraka. Andika vizuri. Andika kwamba aliyemuua haoni."

Eero akageuka. Kaarlo akasema haoni nini, hakuelewa.

"Sioni. Katikati sioni kitu, tangu mwaka jana. Eero aliniuliza kama nimeona nikamwambia nimeona. Sikuona. Nilipapasa tu, na mkono ulikuwa na ganzi." Sauti yake ilikuwa inakwenda mbio, kama mtu anayetaka kumaliza kubwaga mzigo kabla mikono haijamshinda. "Hata lile sanduku la barua ni mimi. Siyo lori. Hilo usiandike, lakini ni mimi."

Upande wa pili Kaarlo akasema ahsante, Raakel, naandika, na akakata kwa upole sana.

Eero hakuwa na upole wowote. Nimesema hakuwa mtu wa kufoka, lakini siku hiyo alifoka, na alikuwa na haki yake. Alimuuliza kama anajua wamepita Varissalmi mara ngapi. Alimuuliza kama anajua yeye hajui kuogelea. Kijiji kizima kinajua hajui kuogelea.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nimekaa hapo nyuma nakula mkate wangu, unanipitisha kwenye miamba huioni."

"Mwaka mmoja na nusu."

"Ahsante kwa kunisahihisha."

"Miamba naijua, Eero. Naijua kichwani."

"Na boti za watu unazijua kichwani? Gogo linaloelea unalijua kichwani?" Alipiga kofi ubavu wa boti. "Mbona hukuniambia? Mimi ni nani kwako?"

Raakel akamtazama, yaani akamgeuzia uso, akaona mabega yake na kofia yake. Akasema, "Kwa sababu mtaniweka kwenye kiti."

Eero alikijua kile kiti. Kila mtu Leppäniemi wa umri wao alikijua. Walipokuwa vijana walipita chini ya dirisha lile na Hilja akawauliza ni nani. Hasira ikamshuka, ukaiona inavyomshuka kwenye mabega, ikamwacha mzee wa miaka sabini kasoro siku tatu. Hakumwambia kwamba haitakuwa hivyo. Wala hakumwahidi kitu, maana hakuwa na uwezo wa kumwahidi. Akaenda nyuma, akakusanya mishipi mmoja mmoja, akavuta vibao, akapandisha risasi. Raakel akanyanyuka kumsaidia. Eero akamwambia akae. Akakaa. Akanyanyuka tena, akafunga kifuniko cha sanduku, akakifungua, akakifunga.

Upepo ulikuwa umeanza kukaza na bandari iko maili nne. Eero alipomaliza akaja mbele, akasimama kando ya kiti cha usukani. Raakel alikuwa amekwisha kukaa hapo, mkono mmoja kwenye gurudumu na mwingine kwenye mpini wa mwendo, kwa kuwa mikono hiyo haikujua pengine pa kwenda. Eero alisubiri kidogo, pengine alitumaini hatalazimika kusema.

"Sogea, Raakel," akasema. Hakumwita shemeji.

Akasogea. Alikohamia palikuwa kiti cha kushoto, cha abiria, ambacho tangu boti hii inunuliwe hakuwahi kukikalia. Mbele yake hapakuwa na gurudumu wala mpini, palikuwa na kioo na maji. Eero akatia gia, akaondoka taratibu, taratibu mno, na Raakel akataka kumwambia aongeze mwendo, akalimeza neno. Mikono yake ikashika kamba, ikaiacha. Ikafungua zipu ya ovaroli, ikaifunga. Ikatafuta kikombe, ikakikosa. Mwishowe akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia, na akakaa hivyo bila kutikisika mpaka bandarini.